Kuna Nini Ndani ya Ufunguo wa Gari?

Mwezi Machi 2024 niliupoteza ufunguo wa gari katika korongo moja la Gendabi, wilayani Hanang. Nilikuwa nimemsindikiza mwenzangu wa idara ya jiolojia aliyekwenda kuzitazama njia zilizopitiwa na tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, tope ambalo liliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na sehemu za jirani, Gendabi ikiwa miongoni mwake. Yeye ni mtu wa miamba. Mimi kazi yangu ni fizikia, na siku hiyo nilikuwa dereva tu. Niliegesha gari mahali palipoonekana tambarare, nikafunga milango, nikautia ufunguo katika mfuko wa koti ambao, kama nilivyogundua saa tatu baadaye, ulikuwa umetoboka.

Mahali hapo tambarare palikuwa mdomo wa korongo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alikuwa ameniambia asubuhi ile, "Mwanangu, hapo maji hupita." Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikaliacha gari papo hapo, maana mbingu ilikuwa nyeupe. Alasiri, baada ya kupekua mawe na nyasi hata macho yakachoka, mawingu yalikuwa yamekwisha kuufunika mlima wote, nao una kimo cha zaidi ya mita 3,400.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hatukulisukuma. Vijana kumi na wawili walijitolea, lakini gari hilo ni la gia ya otomatiki, na gia hiyo huwa imefungwa mahali pa maegesho mpaka ufunguo uzungushwe. Usukani nao hujifunga kwa pingo la chuma mara ufunguo unapochomolewa. Gari la namna hiyo, likiwa halina ufunguo, ni jiwe lenye vioo. Katika enzi za Land Rover na Peugeot 504 za miaka ya 1970, fundi hodari angeng'oa swichi, akagusanisha nyaya mbili na injini ikanguruma. Siku hizi nyaya hizo ukizigusanisha injini haiwaki, na kama ikiwaka huzimika baada ya sekunde moja au mbili. Sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Mwenyeji wetu alitupatia namba ya simu ya fundi funguo mmoja wa Arusha. Nilidhani ataniambia nimpelekee kitu fulani: kitasa labda, au namba ya injini. La, aliniambia nisimpelekee chochote, atakuja mwenyewe. Ni safari ya kilomita zipatazo 170 mpaka Babati, kisha uendelee tena kwa barabara ya Singida. Nilipomwuliza kwa nini asichonge ufunguo huko huko Arusha na kuutuma kwa basi, alicheka kidogo akasema, "Mwalimu, siri iko ndani ya gari, haiko kwangu."

Alikuwa ameniuliza maswali manne: gari ni la aina gani na la mwaka gani, linawashwa kwa kuzungusha ufunguo au kwa kubonyeza kitufe, je, upo ufunguo mwingine wowote, hata uliovunjika, na mwisho, kadi ya gari iko wapi. Swali la tatu nililijibu kwa aibu. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu, nami, kama wanunuzi wengi, nilikuwa nikiahirisha kuchonga wa pili kwa miaka mitano. Swali la nne sikulitilia maanani, na kosa hilo lilinirudia kesho yake.

Usiku ule tulilala kwa wenyeji wetu. Kabla ya giza, vijana wale wale walichimba mtaro upande wa juu wa gari ili maji yakija yapite kando, kazi ambayo mwenzangu wa jiolojia aliisimamia kwa makini sana na bila kunitazama usoni. Mvua ilinyesha, ila ilikuwa haba.

Fundi alifika Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa na gari dogo ambalo buti yake ilikuwa karakana nzima: mashine ya kuchongea inayotumia umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri ya gari, visanduku vya funguo ambazo hazijachongwa, kompyuta ndogo, na mfuko wa ngozi wenye vijiti vyembamba vya chuma. Tulisalimiana. Kisha, kabla ya kufungua hata kisanduku kimoja, akaomba kadi ya gari na kitambulisho changu.

Kitambulisho nilikuwa nacho. Kadi ilikuwa nyumbani Dar es Salaam. Nikapiga simu, ikapigwa picha, ikaletwa kwa simu. Fundi aliitazama, akanitazama, akanirudishia simu. Jina lililokuwamo lilikuwa la mtu aliyeniuzia gari. Hilo nalo nilikuwa nikiliahirisha kwa miaka mitano.

Nilimweleza kwamba mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Alinijibu kwa heshima kwamba hana shaka na hilo. Nilimwonyesha mawingu, nikamwonyesha mtaro. Alisema anaviona. Nilipandisha sauti, jambo ambalo silijivunii. Yeye alikaa juu ya jiwe akasema, "Mwalimu, mimi nikikutengenezea ufunguo, gari hili ni lako. Baada ya hapo halitamwuliza mtu swali lolote. Sasa mimi nisipouliza, nani atauliza?"

Ilituchukua karibu saa moja na nusu. Aliyeniuzia alipatikana kwa simu, akataja rangi ya gari, namba yake na mwaka tuliouziana, akatuma picha ya mkataba wa mauziano. Afisa Mtendaji wa Kijiji alikuja, akasoma yote, akaandika barua na kuigonga mhuri, fundi akabaki na nakala. Wakati huo nilimwona ni mtu mkaidi. Sasa nasema kwamba katika kazi yote aliyoifanya siku ile, hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna mashine ingeweza kuifanya kwa niaba yake, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na chuma. Ndani ya kitasa cha gari mna vipande bapa vya shaba vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja kikisukumwa na springi ndogo. Pasipokuwa na ufunguo, vipande hivyo hutokeza nje ya silinda na kuizuia isizunguke. Meno ya ufunguo hukiinua kila kipande kwa kadiri yake. Vyote vikilingana na ukingo wa silinda, silinda huzunguka. Kila kipande hutengenezwa kwa mojawapo ya vimo vichache. Tuchukue mfano wa kitasa chenye vipande 8, na kila kipande kiwe na vimo 4 vinavyowezekana. Idadi ya funguo tofauti ni 4 × 4 × 4 na kuendelea mara nane, yaani 65,536. Mtu akitaka kuzijaribu zote, moja kwa dakika, bila kulala, atatumia siku 45 na zaidi.

Lakini fundi wetu alitumia dakika zisizozidi ishirini. Alitia kijiti katika kitasa cha mlango, akafumba macho kama mtu anayesikiliza, akapapasa kipande cha kwanza, akaandika namba; akapapasa cha pili, akaandika. Hapa pana jambo ambalo ningependa mwalimu wa hisabati alisimamishe darasa kwa ajili yake. Vipande vyote vikijaribiwa kwa pamoja, uwezekano huzidishana: 4 kwa kipeo cha 8. Lakini kila kipande kikiweza kuchunguzwa peke yake, uwezekano hujumlishwa tu: 4 mara 8, yaani majaribio yasiyozidi 32. Kati ya 65,536 na 32 ndimo ulimo udhaifu wote wa kitasa cha chuma. Kitasa husema. Ukikigusa kipande kimoja, mkono wako hupata habari juu ya kipande hicho, hata kama vile saba vingine bado ni fumbo.

Jambo hili lilidhihirika mbele ya umma huko London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu. Fundi Mmarekani aliyeitwa Alfred Charles Hobbs alikifungua kitasa mashuhuri cha Chubb kwa dakika 25. Kisha akaligeukia kufuli la Bramah, ambalo lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka tangu mwaka 1790 pamoja na ahadi ya zawadi ya guinea 200 kwa atakayelifungua. Alilifungua kwa kazi ya saa 51 iliyogawanywa katika siku 16. Waingereza walikasirika, wengine wakasema maonyesho ya namna hiyo yanawafundisha wezi. Hobbs alijibu kwamba wezi wanajua tayari. Wasiojua ni wenye milango.

Nitaje kidogo trekta, maana tuko Hanang, ambako tangu miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, Setchet na Mulbadaw yalilimwa kwa mashine nyingi. Trekta nyingi za aina moja hutengenezwa ziwashwe na ufunguo wa namna moja, ili dereva yeyote aweze kuishika yoyote. Huo si uzembe wa kiwanda. Shamba lenye trekta ishirini lina haja kubwa zaidi ya kutopoteza msimu kuliko kuogopa mwizi wa trekta, ambaye hata hivyo angekimbia nayo kwa mwendo wa baiskeli. Ugumu wa ufunguo hupimwa kwa kinacholindwa na kwa anayeogopwa.

Fundi alipokwisha kuandika namba zake, mashine ililia kidogo, vumbi la shaba likaruka, na ufunguo ukatoka. Mlango ulifunguka. Usukani ulilegea, gia nayo ikafunguka, na vijana kumi na wawili wakalisukuma gari mpaka juu ya kilima huku wakiimba. Hofu ya korongo ilikwisha hapo. Lakini gari bado halikuwaka. Nilizunguka ufunguo, injini ikasota, ikashika, ikafa.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili. Katika kichwa cha plastiki cha ufunguo wa gari la siku hizi mna kidonge cheusi chenye ukubwa wa punje nono ya mahindi. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba, kapasita, na chipu ya silikoni. Hamna betri. (Betri iliyomo katika funguo nyingi ni ya kufungulia milango kwa mbali, ni kitu kingine.) Kidonge hicho hupata wapi umeme wa kufanyia kazi?

Jibu ni somo la kidato cha nne. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika ukipita katika koili huzalisha mkondo wa umeme katika koili hiyo. Kuzunguka tundu la swichi, chini ya plastiki ambayo dereva haioni, kuna koili nyingine kubwa zaidi. Unapozungusha ufunguo, gari hupitisha katika koili hiyo umeme unaokwenda na kurudi, kwa mfumo mmoja unaotumika sana, mara 134,200 kwa sekunde. Uga wake hukipitia kidonge, koili ndogo huamka, na kwa muda wa kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde kapasita hujaa. Gari hunyamaza. Ufunguo, ukitumia akiba hiyo ndogo, hujibu.

Nguvu ya uga wa koili ndogo hupungua kwa haraka sana: ukishaondoka karibu nayo, umbali ukizidishwa mara mbili, uga hushuka kufikia kama sehemu moja ya nane. Ndiyo maana ufunguo uliomo mfukoni hauliwashi gari la namna hii, na ndiyo maana mtu aliyesimama nje hawezi kwa urahisi kuyasikia mazungumzo hayo.

Na wanazungumza nini? Magari ya kwanza yaliridhika na ufunguo kutaja namba yake, namba ile ile kila siku. Huo ni udhaifu, kwani aliyeisikia mara moja anaweza kuitaja yeye. Njia bora ni hii: gari na ufunguo hushirikiana siri, lakini siri yenyewe haitamkwi kamwe. Gari hutaja namba yoyote ya bahati nasibu. Ufunguo huichanganya namba hiyo na siri kwa hesabu maalumu, hutoa jibu. Gari nalo hufanya hesabu ile ile pembeni, hulinganisha. Majibu yakifanana, kompyuta ya injini huruhusu mafuta na cheche, yasipofanana, huvizuia.

Darasani mnaweza kulifanya hili kwa chaki. Mwanafunzi A na mwanafunzi B wakubaliane siri ya 47. A anasema 23. B anazidisha, 23 × 47 = 1,081, anataja tarakimu mbili za mwisho tu: 81. A anahakiki. Darasa zima limesikia 23 na 81, lakini halikusikia 47. Kisha liambiwe kanuni na liachiwe liitafute siri. Kwa kujaribu kila namba kuanzia 00 hadi 99, wataipata kabla ya kengele, nayo ni moja tu. Siri ya tarakimu mbili ni fupi mno, na hesabu ya kuzidisha ni nyepesi mno.

Katika kidonge kilichotengenezwa na kampuni ya Texas Instruments na kutumika katika magari mengi ya Toyota na Ford ya miaka ya mwanzo ya karne hii, siri ilikuwa na tarakimu 40 za mfumo wa 0 na 1. Idadi yake ni 2 kwa kipeo cha 40, yaani 1,099,511,627,776. Ukijaribu moja kwa sekunde utahitaji miaka zaidi ya 34,000. La muhimu zaidi ni kwamba hesabu nzuri ya siri haisemi kama kitasa kinavyosema. Ukipatia tarakimu 39 na kukosea moja, jibu litakuwa baya sawasawa na la mtu aliyekosea zote. Hakuna kipande cha kupapasa. Uwezekano hubaki wa kuzidishana, haugeuki wa kujumlishwa.

Basi fundi wetu, ambaye hana miaka 34,000, aliingiaje? Hakuikisia siri. Aliliomba gari lisahau. Chini ya dashibodi kuna tundu ambalo mafundi hulitumia kuisoma kompyuta ya gari. Alichomeka waya wake humo, akaieleza kompyuta kwamba funguo zote zimepotea, na akaomba orodha ya funguo zinazotambuliwa ifutwe ili mpya ziandikwe. Kama ningekuwa na ufunguo mmoja uliosalia, kazi ingekuwa ya dakika chache: wa zamani ungemdhamini mpya, kama mgeni anavyoingizwa kijijini na mwenyeji. Pasipo mdhamini, gari la aina yangu hutaka lisubiriwe. Huhesabu dakika 16, na mtu hana la kufanya ila kukaa.

Tulikaa. Wanafunzi kadhaa wa sekondari walikuwa wamekusanyika, na mmoja wao, msichana wa kidato cha tatu, aliuliza swali ambalo nilikuwa nikitarajia mtu aliulize: "Mwalimu, kama fundi anaweza kufanya hivi, mwizi je?"

Nilimjibu, na hapa nalijibu kwa urefu zaidi. Mwizi anaweza, kwa kanuni. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha mwenye asili ya Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa siri usitegemee kufichwa kwa namna unavyofanya kazi. Adui auchukue wote, auchunguze, na bado asiweze kitu maadamu hana siri yenyewe. Watengenezaji wa vidonge vya magari hawakumsikiliza. Walificha hesabu zao. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA huko Marekani waliifumbua hesabu ile ya tarakimu 40 kwa kuuliza vidonge maswali na kuyachambua majibu. Kisha, kwa vifaa 16 vya kompyuta vilivyofanya kazi sambamba, wakaipata siri ya ufunguo kwa muda usiofika saa moja, na kuliwasha gari la Ford. Siri ikaongezwa ikawa ya tarakimu 80. Mwaka 2020 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, na wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba katika baadhi ya magari ya Toyota siri ilitokana na namba ambayo ufunguo wenyewe huitangaza, na katika baadhi ya Hyundai na Kia ni tarakimu 24 tu kati ya 80 zilizokuwa za bahati nasibu kweli. Mlango ulikuwa mnene, lakini bawaba zilikuwa za ubao.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba kizuizi hicho hakifai. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikilazimisha katika magari mapya tangu Oktoba 1998, na wachumi wawili waliochunguza takwimu za Uholanzi walikadiria kwamba kilipunguza wizi wa magari kwa kama asilimia 40 katika miaka ya 1995 hadi 2008. Marekani haikukilazimisha, Hyundai na Kia ziliuza huko magari mengi yasiyokuwa nacho, na kuanzia mwaka 2021 vijana wakaonyeshana kwa picha za video jinsi ya kuyaiba, wizi ukapanda vibaya. Kizuizi kisichokuwa kamili bado humgharimu mwizi vitu viwili: vifaa na muda. Zile dakika 16 zina maana kwa mtu aliyejificha gizani. Kwetu sisi, tuliokuwa na Mtendaji, barua yenye mhuri na vijana kumi na wawili, zilikuwa maongezi tu.

Na hapo ndipo nilipomwelewa fundi. Gari linaweza kutofautisha ufunguo sahihi na usio sahihi kwa uwezekano mmoja kati ya trilioni. Haliwezi kabisa kumtofautisha mwenye gari na asiye mwenye gari. Kwa nukta hiyo moja, wakati funguo zote zimepotea na orodha imefutwa, sayansi yote ya Faraday na ya hesabu za siri hukabidhi swali kwa mtu aliyekaa juu ya jiwe akiwa na mfuko wa ngozi. Yule wa Gendabi aliuliza. Sijui wangapi huuliza, nami, kwa jinsi nilivyompandishia sauti, nilikuwa mmoja wa wale wanaowazoesha wasiulize.

Dakika zilipotimia taa ndogo kwenye dashibodi ilizimika. Fundi aliandikisha ufunguo mpya, na kwa ushauri wake akaandikisha na wa pili hapo hapo. Injini iliwaka na haikufa. Malipo yalikuwa zaidi ya mara nne ya yale ambayo ningelipa kama ningechonga wa pili mapema, bila kuhesabu petroli yake ya kwenda na kurudi. Kabla hajaondoka alinikumbusha jambo moja: ufunguo uliopotea bado unafungua milango, kwa kuwa vipande vya shaba havikubadilishwa, ila hauwashi tena injini, kwani gari limeusahau. Tuliondoka saa nane mchana. Saa kumi, tukiwa Katesh, mvua ilinyesha kwa nguvu, na jioni mwenyeji wetu alipiga simu kusema kwamba mdomo wa korongo umejaa maji ya tope hadi magotini, na mtaro wetu hauonekani.

Nilirudi Dar es Salaam, nikabadilisha jina katika kadi ya gari wiki hiyo hiyo.

Mwezi Juni Mtendaji alinipigia. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi alikuwa ameuokota ufunguo mchangani, mbali sana chini ya pale tulipotafuta. Nilimtumia mtoto zawadi, na ufunguo ukaja kwa basi ukiwa umefungwa katika karatasi ya daftari. Niliujaribu. Mlango ulifunguka kama zamani. Nikauzungusha: injini ilisota, ikashika, ikafa. Nilikipasua kichwa chake kwa kisu, nikakitoa kile kidonge cheusi, na sasa kimo katika bahasha ndogo mezani mwangu. Kila mwaka, somo la Faraday linapofika, hukipitisha mkono kwa mkono darasani, na mpaka sasa hakuna mwanafunzi aliyekirudisha bila kwanza kukitikisa karibu na sikio.